Acheni kuniambia "tuma linki tu": ninavyohifadhi makala na kuwapelekea rafiki zangu

Binamu yangu ni fundi kompyuta, na kila nikimuuliza namna nzuri ya kutunza makala ninazozipenda na kuwapelekea rafiki zangu, jibu lake ni lilelile: "Dada, si utume linki tu?" Haya, linki. Na shosti wangu aliyeko Tandahimba, mwenye bando la WhatsApp pekee, aifungue kwa meno?

Hili watu wenye waifai ya ofisini hawalielewi. Ukiwa na bando la WhatsApp tu, picha zinaingia, sauti zinaingia, umbea unaingia. Gusa linki ya gazeti sasa: simu inakutoa nje, na huko nje huna hata MB moja. Kiduara kinazunguka mpaka unachoka. Kwenye grupu letu la tuliosoma pamoja sekondari, linki ilikuwa ikijibiwa kwa dole gumba. Tafsiri ya dole gumba: haijafunguka, lakini tunakupenda.

Mjuaji mwingine akaniambia nipige skrinshoti. Nikapiga. Ilikuwa makala ndefu ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaochafua maua ya mikorosho, ikieleza lini upulizie salfa na lini uache. Shosti ana shamba, na vijana wa kupuliza walikuwa wameshafika. Nikatuma rundo zima la picha. Mtandao wa kule ukazipokea kwa mpangilio wake wenyewe, ya mwisho ikitangulia, na katikati ya maelezo yamekaa matangazo. Akanipigia akiwa chini ya mkorosho: "Shosti, hapa inasema 'usipulizie kabla ya', halafu picha inayofuata ni mtu anauza magodoro. Kabla ya nini?" Ikabidi nimsomee makala nzima kwa simu, vijana wakisikiliza kwa spika, mmoja wao akinisahihisha matamshi ya dawa.

Nikajaribu kile kishale cha kupakua ukurasa kwenye Chrome. Kwa kusoma mwenyewe bila bando, kitamu sana, ninakitumia hadi leo nikiwa safarini. Ila kinatoa faili la mhtml, na faili hilo ukimtumia mtu mwingine ni bahati nasibu. Rafiki yetu aliyeko Muscat alifungua akakuta alama za "=3D" zimejaa kila mstari kama mchele uliomwagika, maneno yamekatwakatwa. Akauliza kwenye grupu: "Huu ni waraka au hirizi?" Wakacheka wiki nzima.

Kilichonitoa ni neno ambalo nilikuwa nikiliruka kila siku kwa sababu sina printa: Chapisha. Unabonyeza vidoti vitatu vya Chrome, Shiriki, Chapisha, halafu pale juu kwenye jina la printa unachagua Hifadhi kama PDF. Printa ya nini! Makala inageuka faili moja, kurasa zake zimekaa kwa mpangilio, na inapita ndani ya WhatsApp kama kitu kingine chochote. Shosti anaifungua kwa bando lake lilelile la jero.

Lakini usikimbilie kuchapisha, utamchapishia na magodoro. Mimi kwanza naifungua kwenye Firefox, nagusa kialama cha karatasi kilichopo kwenye mstari wa anwani, ukurasa unavuliwa matangazo na vikorombwezo vyote, yanabaki maandishi na picha za maana. Ndipo naigeuza PDF. Faili linapungua uzito kweli kweli. Wa Muscat ana iPhone, yeye kwenye Safari anabonyeza kushiriki, anaingia Options, anachagua Reader PDF. Alinionyesha kwa majivuno, nami nikamwambia hongera, umefika tulipo.

Na faili lipe jina! Faili linalojiita herufi na namba tupu utalitafuta hadi mvua za masika. Mimi naandika "Korosho ubwiri unga salfa". WhatsApp ukiingia sehemu ya kutafuta kuna kichujio cha nyaraka, unaandika "salfa", hili hapa. Nakala yangu najitumia mwenyewe, maana tangu mwisho wa 2022 WhatsApp inakuruhusu kujiandikia, huna haja tena ya lile grupu la mtu mmoja.

Binamu alinishikia bango nitumie Pocket, programu ya kuwekea makala za kusoma baadaye, ati ndiyo ya wajuzi. Mozilla, wenye Firefox, waliinunua mwaka 2017, na tarehe 8 Julai 2025 wakaifunga. Omnivore, nyingine ya aina hiyohiyo, nayo ilikuwa imeshafungwa 2024. Watu walipewa muda wa kutoa vitu vyao, sikatai, lakini faili lililo kwenye memori kadi yangu halisubiri tangazo la mtu.

Linki zenyewe nazo hufa. Pew Research Center ya Marekani ilipima: kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena kufikia 2023. Kwa hiyo makala ninayoithamini sana naipeleka pia web.archive.org, nabandika anwani pale penye kuhifadhi ukurasa. Hao ni Internet Archive, wako kazini tangu 1996. Mwalimu wetu wa Morogoro alikuwa akitafuta makala ya zamani iliyokwisha kutolewa kwenye tovuti ya gazeti fulani. Akabandika anwani ya zamani pale, ikatoka na picha zake.

Makala za kulipia sizigeuzi PDF nikazimwaga kwenye grupu. Naandika mistari yangu michache, naweka linki, mwenye hela akasome. Na hata PDF usiitupe kimya kimya: sema kwa nini unamtumia na ukurasa gani aanzie. "Soma ukurasa wa tatu, pale penye jedwali la salfa" inasomwa. "Someni hii muhimu!!!" inapata dole gumba.

Binamu juzi kaniomba nimtumie makala moja kuhusu betri za simu. Nimemtumia linki.