Upande wa Kulia wa Mbuni

Mwaka 2014 mama yangu alikuja Maryland kutoka Tanga kunitembelea, nami nikampeleka bustani ya Glen Echo kumwonyesha bembea ya kuzunguka iliyotengenezwa na karakana ya Dentzel ya Philadelphia mwaka 1921. Ina wanyama 52 wa mbao: farasi 40, sungura 4, mbuni 4, kisha simba, chui-milia, twiga na kulungu, mmoja mmoja.

Farasi hawakumshughulisha. Alikwenda moja kwa moja kwa mbuni, akampapasa bawa lililochongwa unyoya kwa unyoya, halafu akazunguka upande wa pili na kuniuliza kwa nini fundi hakumaliza kazi. Nilimweleza kwamba bembea za Marekani huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo mtazamaji aliyesimama nje huuona ubavu wa kulia, na huko ndiko wachongaji walikoweka nakshi zao bora. Nikagonga kiwiliwili cha mbuni kwa kidole, kikalia kama sanduku tupu, kwa kuwa kimeungwa kwa vipande vya mbao vilivyogundishwa, tofauti na wachongaji wetu wa Mwenge wanaotoa umbo zima katika gogo moja la mpingo.

“Basi hapa seremala alimtangulia mchongaji,” alisema. Alijua alisemalo, kwani baba yake alikuwa fundi wa kuchonga milango.

Tulipokuwa tukisubiri zamu yetu, huku kinanda kikubwa cha Wurlitzer kikivuma, nilimsimulia jambo ambalo kwangu haliwezi kutenganishwa na uzuri huu: watu weusi hawakuruhusiwa kuingia bustani hii hadi mwaka 1961. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Howard, waliingia wakapanda bembea wakiwa na tiketi walizonunuliwa na rafiki zao. Bembea haikuwashwa, na watano wakakamatwa. Hatia yao ilifutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1964.

“Walipanda wanyama hawa?”

“Hawa hawa, Mama.”

Alinyamaza. Kengele ilipolia, kijana wa tiketi, alipoona jinsi magoti yalivyomsumbua, alimwelekeza kwa adabu kwenye kigari chenye kiti kipana ambamo wazee hukaa. Mama alimshukuru, akakusanya baibui lake, akanishika bega, akapanda mbuni.