Namna Nilivyouza Gita Langu la Besi la Nyuzi Tano

Anayeuza gita la besi lililotoka kiwandani huanza na bei, kwa sababu bei yake inajulikana. Atauliza Kariakoo jipya linauzwaje, atapunguza kiasi kwa ajili ya miaka na mikwaruzo, na jioni hiyohiyo atakuwa na kiasi ambacho yeye na mnunuzi wote wanakielewa, hata kama watavutana. Gita langu halikuwa la namna hiyo. Lilitengenezwa na fundi mmoja wa Markneukirchen, mji mdogo wa Saxony nchini Ujerumani ambao mafundi wake wa fidla walianzisha chama chao mwaka 1677. Nililiagiza wakati nilipokuwa nikiishi Hamburg na kupiga katika bendi za rumba na za jazi. Kichwani mwake hakuna nembo ambayo kijana wa Sinza au Mwananyamala angeitambua, na ndiyo maana karibu kila niliyemweleza kwamba naliuza aliniuliza kwanza: "Ni kampuni gani hiyo, kaka?"

Sikuliuza kwa shida ya fedha, na hilo lilinisaidia kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hawezi kumwambia mteja aende akafikirie. Lililonisukuma ni bega. Gita lina uzito wa kilo 4.9, na mpiga besi wa dansi anayepanda jukwaani saa tatu usiku mara nyingi hashuki mpaka saa nane. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza waziwazi kwamba bega la kushoto limechoka na kwamba mkanda mpana hautaliponya. Uzito wenyewe ulitokana na mambo niliyoyaagiza kwa hiari yangu: mwili wa mti wa jozi, shingo ya vipande vya miti ya maple na wenge inayopita katikati ya mwili mpaka mwisho, na urefu wa uzi wa inchi 35, yaani milimita 889, badala ya inchi 34 zilizozoeleka tangu kampuni ya Fender walipotoa besi yao ya kwanza mwaka 1951. Inchi hiyo moja ilikuwa kwa ajili ya uzi wa tano. B ya chini, ambayo ndiyo noti ya uzi huo, hutikisika takribani mara 31 kwa sekunde, na uzi wake mnene usipokazwa vya kutosha hutoa mvumo usio na umbo. Ukiurefusha, unalazimika kuukaza zaidi ili ufikie noti ileile, na hapo ndipo noti inaposikika vizuri.

Fundi alinitoza euro 3,400. Nilikubali mapema kwamba kiasi hicho hakimhusu mnunuzi. Sehemu kubwa ya fedha ile ililipia mambo yaliyonifaa mimi tu, kama vile upana wa shingo uliopimwa kwa vidole vyangu na nafasi ya vitufe vya sauti iliyofuata mazoea ya mkono wangu wa kulia, na mtu mwingine hana sababu ya kunirudishia gharama hizo. Nilijiuliza swali tofauti: mpiga besi anayehitaji nyuzi tano zenye B inayosikika kwa umbo lake angelazimika kutumia kiasi gani ili apate ubora huo katika gita lililotumika lenye jina kubwa? Nikapunguza kwa sababu jina halipo. Nikatangaza shilingi milioni 5.5, na bei ambayo nisingeshuka chini yake nikaiweka milioni 4.5. Hiyo ya pili nilimwambia mke wangu peke yake, naye akaiandika kwenye kalenda ya jikoni, akisema kwamba ananifahamu ninavyolegea mbele ya kijana anayepiga vizuri.

Duka moja la vyombo vya muziki lilikubali kulitundika na kuniuzia, mradi wenyewe waweke cha juu. Nilikataa. Sikuwa na kinyongo na udalali, lakini gita lililotundikwa dukani hujaribiwa na kila mpita njia mwenye funguo kiunoni, na muuzaji ambaye halijui angelisifia rangi yake. Kitu kisicho na jina huuzwa kwa maelezo, na mwenye maelezo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nilikaa mezani na rula ya chuma na mizani ya jikoni nikaandika kila kipimo: upana wa shingo kwenye kifungu cha juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, ni milimita 47, nafasi kati ya uzi na uzi kwenye daraja ni milimita 19, kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) ni milimita 2.4 upande wa B, na saketi ya sauti inatumia betri mbili za volti 9, ambazo huisha upesi ukiacha waya umechomekwa usiku kucha. Uzito niliutaja katika mstari wa kwanza, pamoja na sababu ya kuuza, kwa kuwa mtu mwenye mgongo mbovu hana haja ya kusoma mstari wa pili. Baada ya hapo nikaandika kasoro. Nyuma ya mwili kuna mikwaruzo ya bizimu ya mkanda wa suruali inayoenea kwa ukubwa wa kiganja. Kwenye uzi wa G, freti ya 6, sauti hufifia mapema kuliko kwa majirani zake. Ni jambo la kawaida kwa magita ya besi katika eneo hilo la shingo, kwa sababu shingo yenyewe hutikisika kwa kasi inayokaribiana na ya noti hiyo na kuinyonya nguvu, lakini mnunuzi anayeligundua nyumbani kwake hataamini kwamba ni la kawaida. Maelezo hayo nikayatuma kwenye makundi ya WhatsApp ya wanamuziki. Wale wa "mwisho bei gani?" walipungua upesi, na waliobaki waliuliza maswali ya maana.

Jambo lililonichukua muda zaidi ni kuamua nitafute mnunuzi wapi. Mazoea yangu yalikuwa katika dansi, lakini mpiga rumba anaweza kuishi maisha yake yote na nyuzi nne bila kupungukiwa na kitu. Kwenye sifa na kuabudu hali ni nyingine. Waimbaji wa kanisani hupanda na kushuka kwa ufunguo bila kumshauri mpiga besi, kinanda kinahamia E-flati au D-flati, na gita la nyuzi nne lenye E kama noti yake ya chini kabisa linabaki juu. Kwenye nyuzi tano, E-flati ya chini iko freti ya 4 ya uzi wa B na D-flati iko freti ya 2, chini ya vidole. Nikaacha kuwahangaikia wenzangu wa bendi, nikaelekeza maelezo kwa wapigaji wa makanisani.

Waliokuwa mbali walitaka kulisikia kwanza. Hapa nilikuwa mkaidi, kwa sababu kipaza sauti cha simu hakiinasi vizuri B ya chini na spika ya simu haiwezi kuitoa, kwa hiyo anayesikiliza kwa simu husikia sehemu za juu za noti na kudhani kwamba ndilo gita lenyewe. Nilirekodi moja kwa moja kutoka kwenye gita hadi kwenye kompyuta, bila kuongeza wala kupunguza kitu. Nilipiga kila uzi ukiwa wazi mpaka unyamaze, halafu sebene fupi, halafu ile freti ya 6 ya G makusudi, na nikawaomba wasikilize kwa hedifoni kubwa.

Rafiki wa zamani anayepiga hotelini Muscat aliridhika na rekodi na akataka nimtumie. Wasiwasi wake ulikuwa ubao wa vidole, ambao ni wa mpingo. Si wasiwasi wa bure: tarehe 2 Januari 2017 mpingo na jamaa zake wengi waliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa muda hata gita moja lililouzwa nje ya nchi lilihitaji kibali. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa kwa miti hiyo ziliondolewa katika sharti hilo, nami bado ninacho cheti cha fundi kinachotaja kila mti uliotumika. (Mti huo hukua Kilwa na Lindi na husafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa klarineti, kipande changu kilibahatika kurudi.) Hata hivyo sikumuuzia. Rafiki yangu ana vidole vifupi, hajawahi kushika inchi 35, na sikutaka urafiki wetu uje upimwe na freti ya kwanza.

Aliyelinunua ni kijana wa Dodoma anayepiga kanisani, ambaye aliandika kwanza "shikamoo mwalimu" na kisha akauliza kama B inabaki na umbo katika freti ya 3 au inaanza kuvuma. Nilimwambia aje asikie. Alipanda treni ya umeme ya asubuhi, akaja na amplifaya yake ndogo begani, jambo lililonifurahisha kuliko salamu, kwa sababu gita hujaribiwa vizuri kwa spika ambayo masikio yako yanaifahamu. Hakuanza kwa mbwembwe. Aliketi, akapiga D ya freti ya 3 polepole, akaiacha iishe, akairudia kwa nguvu, kisha akaenda mwenyewe kwenye G freti ya 6 na kutikisa kichwa kukubali kwamba iko kama nilivyoandika. Mkono wake wa kushoto ulifika freti ya kwanza bila kukunja kiwiko. Nilimtaka asimame nalo akiwa amevaa mkanda kwa muda wote tuliozungumza, ili bega limweleze habari ambayo mimi nisingeweza kumweleza.

"Mwalimu, nina milioni nne na nusu," akasema. Mke wangu aliyekuwa akileta chai alitazama upande wa jikoni. Nilimwambia, "Mdogo wangu, ongeza kidogo, nami nitakupa kasha gumu na seti mpya ya nyuzi," tukakubaliana milioni 4.8. Alilipa kwa benki tukiwa tumekaa pamoja, na sikulitoa mpaka fedha ziliposoma. Tuliandika hati ya mauziano nakala mbili, zenye namba iliyochongwa na fundi, picha na namba za vitambulisho vyetu vya NIDA, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Vyombo vya makanisa huibwa, na kijana anayebeba gita la bei hiyo katika stesheni anapaswa kuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kabla hajaondoka nililegeza nyuzi kwa sauti moja nzima kila mmoja, wala sikuzitoa, kwa sababu shingo iliyozoea mvuto haipendi kuachwa ghafla. Nikamweleza habari ya hewa. Gita lililoishi karibu na bahari hunywa unyevu, na kiangazi cha Dodoma kitaukausha ubao mpaka ncha za freti zijitokeze kando ya shingo na kukwaruza kiganja. Nikampa kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, chenye sponji ya kulowanishwa na kukamuliwa, akiweke ndani ya kasha, pamoja na ufunguo mdogo wa pembe sita wa kurekebisha chuma cha shingoni, kwa onyo kwamba asizidishe robo ya mzunguko kwa siku.

Kiangazi alinipigia simu kwamba nyuzi zimeshuka na freti zinalia. Tulirekebisha kwa simu, yeye akizungusha na mimi nikisikiliza, na sasa liko sawa.

Kwa sehemu ya fedha nilinunua besi nyepesi ya nyuzi nne yenye urefu wa inchi 30. Wimbo ukihamia E-flati ninaupiga oktava ya juu, na mpiga kinanda wetu amekubali kushika chini kwa mkono wa kushoto.