Miezi Miwili ya Penseli na Raba Kabla ya Kuomba Kibali cha Ujenzi

Ramani ya nyumba tunayokusudia kuijenga Kigamboni, Dar es Salaam, ilikuwa tayari tangu mwezi wa sita, ikiwa na vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, stoo na vyoo viwili, na kila tuliyemwonyesha aliisifu. Hata hivyo sikuipeleka halmashauri. Kwa miezi miwili ilikaa mezani kwetu, tukawa tunaichunguza mimi, mke wangu, mama yangu na msanifu majengo aliyetuchorea, na sasa, siku chache baada ya kuwasilisha maombi ya kibali, ningependa kueleza tuliyoyabadilisha na sababu zake. Naona watu wengi wakimaliza nguvu zao katika kutafuta kiwanja na fedha za matofali, lakini ramani yenyewe wakaipokea jinsi ilivyotoka mara ya kwanza.

Wakati wa kufanya kazi hiyo ni kabla ya maombi, kwa sababu kibali hutolewa kwa michoro ile ile iliyowasilishwa: nyumba ilivyokaa ndani ya kiwanja, mpangilio wa vyumba, mikato (michoro inayoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima), sura za pande zote, msingi, paa na njia ya majitaka. Ukishapewa, ukaamua kuhamisha ukuta au kuongeza choo, unakuwa umetoka nje ya ulichoruhusiwa, na njia halali ni kurudi na michoro mipya. Sote tumeona nyumba zilizochorwa alama ya X nyekundu, yaani zibomolewe, na huwa nasikitika sana ninapoziona, kwa sababu nyuma ya kila ukuta wa namna hiyo kuna akiba ya mtu ya miaka mingi.

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa ndani ya vyumba, bali katika namna nyumba ilivyolazwa kiwanjani. Kiwanja chetu kina upana wa mita 20 kando ya barabara, ambayo iko kaskazini, na kina cha mita 30 kuelekea kusini. Mchoro wa kwanza uliipeleka nyumba ya mita 12 kwa 15 ndani kwa urefu wake, hivyo kuta ndefu zikatazama mashariki na magharibi, na vyumba vyote vya kulala vikapangwa mstari mmoja upande wa magharibi. Sisi tuko takriban nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Jua la adhuhuri kwetu huwa juu sana, likiinamia kusini kidogo katika miezi ya joto na kaskazini katika miezi ya kipupwe, na upenu wa kawaida unatosha kulizuia. Lisilozuilika kwa upenu ni jua la alasiri, ambalo huingia dirishani likiwa limelala na kuupiga ukuta wa magharibi kwa saa kadhaa. Tofali la saruji hulipokea joto hilo, kisha hulitoa ndani polepole usiku, wakati watu wanatafuta usingizi.

Tukaigeuza nyumba, ukuta wa mita 15 ukatazama barabara na mwenzake ukatazama uani, na kila upande ikabaki mita mbili na nusu hadi mpakani, ambayo ni zaidi ya kiwango kilichotakiwa katika kiwanja chetu. Mgeuko huo ulitupatia na upepo. Wavuvi wa pwani hii wanazijua pepo mbili kuu za mwaka, kaskazi itokayo kaskazini mashariki katika miezi ya joto, na kusi itokayo kusini mashariki kuanzia mwishoni mwa masika. Sasa ya kwanza itaingia kwa madirisha ya mbele na kutokea uani, na ya pili itafanya kinyume chake, ilimradi kila chumba kiwe na njia ya kuutoa upepo kilioupokea. Chumba chenye dirisha moja tu hupata hewa kidogo, hata dirisha liwe kubwa namna gani, na ndiyo maana vyumba vya pembeni tumevipa madirisha mawili kwenye kuta mbili tofauti.

Jiko ndilo lililotuchukua siku nyingi zaidi. Kwa kuwa pepo zote mbili huvuma kutoka upande wa bahari, mahali pazuri pa jiko ni magharibi, ili moshi wa mkaa na harufu ya samaki vitoke nje bila kupita sebuleni. Lakini magharibi ndiko kwenye jua la alasiri, saa zile zile anazopikia mke wangu chakula cha jioni, na alilisema hilo waziwazi kabla ya mimi kulifikiria. Baada ya kuchora na kufuta mara nyingi, jiko limekaa kwenye kona ya kusini magharibi, ukuta wake wa magharibi hauna dirisha ila matundu ya hewa ya juu, stoo imeegemezwa ukuta huo huo ili ibebe joto, na mlango wa nyuma unafunguka kwenye baraza pana la uani lililoezekwa. Siku ya shughuli au msiba, akina mama watapika hapo na masufuria yatapita ubavuni mwa nyumba bila mtu kukatiza mbele ya wageni.

Jumamosi moja tulikwenda kiwanjani na mambo (vigingi), kamba na mfuko wa chokaa, tukaichora ramani nzima juu ya ardhi kwa vipimo vyake halisi, tukaacha nafasi penye kila mlango. Naamini hakuna zoezi lililotufaa kuliko hilo. Mama, ambaye magoti yanamsumbua, alikaa kwenye kiti mahali pa kitanda chake, akainuka, akafuata milango mmoja mmoja akielekea chooni, na alipofika sebuleni akasimama. "Mwanangu, usiku kukiwa na wageni nitapitaje hapa?" Karatasini sikuwa nimeliona jambo hilo hata mara moja. Chumba chake sasa kinapakana na choo cha pamoja, milango yote miwili imepanuliwa kutoka sentimita 70 hadi 90, na kizingiti cha chooni kimeondolewa.

Siku hiyo hiyo tuligundua kwamba vipimo vya vyumba vilikuwa vimehesabiwa kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Chumba kilichoandikwa mita 3, ukitoa tofali la sentimita 15 na plasta, hubaki na takriban mita 2.82; ukiweka kitanda cha futi sita kwa sita na kabati lenye kina cha sentimita 60, mtu anabakiwa na njia isiyofika sentimita 40. Tulivipanua vyumba viwili kwa kuifuta korido, iliyokuwa na urefu wa mita 7 na upana wa mita 1.2, yaani zaidi ya mita 8 za mraba ambazo tungezijengea msingi na kuziezeka kwa ajili ya kupita tu.

Kuhusu majitaka, shimo lilikuwa limechorwa nyuma kabisa, mahali ambapo gari la kunyonya lisingefika. Limehamia mbele, karibu na geti, na choo cha pamoja na jiko vipo upande huo huo wa magharibi ili mabomba yawe mafupi. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka takriban sentimita 2.5 kwa kila mita, na katika kiwanja cha mchanga ambacho masika maji hupanda, kila sentimita ya kuchimba ina uzito. Choo cha masta, yaani cha chumba kikuu cha kulala, hakikuwezekana kuhamishwa kutoka mashariki, hivyo bomba lake la mita 18 litashuka sentimita 45, na litakuwa na chemba ya kukagulia na kuzibulia katika kila kona. Tumelikubali hilo tukijua gharama yake.

Paa sikulitafakari kwa muda mrefu. Nilipendekezewa mtindo wa kuficha bati nyuma ya kuta zinazopanda juu ya paa, nikaukataa, kwa kuwa nataka upenu unaotoka nje ya ukuta na maji ya mvua yanayoanguka mbali na msingi.

Maombi yaliwasilishwa kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa kupokea maombi ya halmashauri, Jumanne iliyopita, pamoja na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na michoro yenye muhuri wa msanifu. Chokaa imeshafutwa na mvua, lakini mambo bado yamesimama kiwanjani, na mama ameomba yasing'olewe mpaka siku msingi utakapoanza kuchimbwa.