Mjomba wa voisi

Jana mwanangu kaniuliza, mama, mbona mjomba haandikagi meseji, kila siku voisi tu? Nikamwambia mikono yake ina grisi. Ni kweli ina grisi, ni fundi pikipiki, ila hilo silo jibu na usiku mzima usingizi haukuja.

Mawazo yalinirudisha Ifakara, utotoni. Mimi darasa la sita, yeye la nne kwa mara ya pili, mtihani wa taifa ulimrudisha. Usiku tulikuwa tunasoma wote, mimi nasoma kwa sauti yeye anafuatisha, ikifika asubuhi habari nzima anayo kichwani. Mimi nikajua anasoma kumbe ananisikiliza.

Siku hiyo nimetumwa kupeleka chaki darasani kwao, nafika mlangoni namkuta kasimama na kitabu, anaitiririsha ile habari ya jana usiku, sauti ya juu, hakosei hata nukta. Mwalimu akamwambia funua ukurasa unaofuata. Akafunua. Kidole chake kikatua kwenye neno la kwanza kikabaki hapohapo. "Wa..." Kimya. "Wa-li-o..." Anarudi mwanzo. "Wa-li..." Neno lilikuwa waliokwenda. Kila akiikaribia ile kwe, wa ya mwanzo imeshamtoka. Nyuma huko mtu akasema kilaza, darasa likaangua kicheko, yeye hakugeuka, kidole hakikusogea, na karatasi chini yake ikalowa jasho mpaka ikajikunja. Halafu akainua macho, akaniona.

Nikaweka chaki mezani nikaondoka. Fimbo nilizisikia nikiwa nje.

Kuanzia hapo kila Jumapili jioni tumbo, na anatapika kweli, zahanati wakampa dawa za minyoo. Kula akawa anakula peke yake. Usiku mmoja gizani akaniambia, "Dada, mimi bora nisingezaliwa." Mtoto wa miaka 11. Nikamwambia lala, kesho shule. La saba hakulimaliza.

Neno disleksia nimelijua ukubwani, nikiwa mwalimu tayari. Kwamba sio uvivu wala upungufu wa akili, ni ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti yake. Na Kiswahili chetu kwa vile kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto wa hivi anaweza akasoma neno sahihi kabisa ila kwa kujivuta, silabi moja moja, na wewe ukamwona mzembe. Kwamba mara nyingi inatembea kwenye ukoo, nikamkumbuka baba na barua zake za kijiji, anampa mama asome eti miwani imevunjika, na miwani sijawahi kumuona nayo. Na kwamba watoto hawa hofu na sonona huwapata zaidi ya wenzao. Lile tumbo la Jumapili, jamani.

Sijui kilichomuumiza zaidi ni herufi au ni sisi. Mtu mzima sasa ana watoto watatu, ila akiambiwa aende benki kujaza fomu siku mbili halali.

Leo asubuhi nikaanza kumwandikia kuhusu ile siku ya chaki. Nikafuta. Nikabonyeza ya kurekodi, sauti ikagoma, kidole kikateleza ikaenda hivyohivyo, sekunde nne tupu.

Akajibu palepale, nyuma pikipiki inanguruma: "Dada, mbona huongei?"