Siku moja gereji Njoro: oili ya Massey 240 imegeuka chai ya maziwa

Saa 1 asubuhi
Trekta hii ya Massey 240, ambayo oili yake imeingiwa na maji ikawa nyeupe, imelala uani tangu jana jioni, na isiguswe swichi.

Namuuliza mwenye trekta: "Mzee, haijawashwa leo?"

"La, fundi. Jana ilivutwa tu."

Vizuri. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo usiku hushuka hadi chini kabisa ndani ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini). Ukiwasha, krenki (mhimili mkuu wa injini) inayakoroga upya na ushahidi unapotea.

Oili kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia) iko juu ya alama ya mwisho. Tunaweka chupa safi chini, tunalegeza nati ya sampu pole pole bila kuitoa, kidole kikiibana. Kinachotangulia ndicho cha kutazama: hapa ni maji matupu kama kikombe kimoja, kisha ute mweupe, kisha oili nyeusi. Injini hii ya Perkins ya silinda tatu hubeba takriban lita 7, kwa hiyo yote ipimwe. Inayozidi hapo imeingia kutoka kwingine. Ila usipoona maji yakitangulia usishangilie. Oili iliyokorogwa kwa muda mrefu haitengani kwa usiku mmoja.

Utando mweupe chini ya kifuniko cha kumiminia oili, ukiwa peke yake, si kesi. Trekta inayofanya safari fupi kwenye baridi ya huku hutengeneza mvuke ambao haupati joto la kuutoa.

Saa 2
Kipande cha bati nene kwenye jiko la makaa, kisha tone moja la oili. Yenye maji hupasuka na kuruka (vaa miwani). Isiyo na maji hufuka moshi tu. Jaribio hili linatenganisha maji na dizeli, maana dizeli nayo hupandisha kimo cha oili, hasa kiwambo cha pampu ndogo ya dizeli ubavuni mwa injini kikichanika. Oili yenye dizeli huwa nyepesi, inanuka dizeli, na haipasuki hivyo.

Saa 3
Redieta, ikiwa baridi. Ikiwa imejaa siku zote huku oili ina maji, tazama juu: bomba la moshi lililosimama wima bila kifuniko hupokea mvua yote ya Aprili. Maji hupita valvu iliyo wazi, hukaa juu ya pistoni, kisha hupenya ringi hadi kwenye sampu. Ndiyo maana nozo zote tatu (za kupuliza dizeli kwenye silinda) zinatolewa kabla ya kuzungusha injini. Maji hayabanwi, ukipiga stata yakiwa humo, koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inapinda.

Hii redieta inapungua. Rangi ya maji haisaidii, kwa sababu wengi hapa hujaza ya mfereji.

Saa 4 hadi saa 7
Hapa usiharakishe. Tunajaza redieta, tunafunga pampu ya kupimia presha, tunapandisha hadi kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko cha redieta, mara nyingi pauni 7 kwa inchi ya mraba kwenye hizi za zamani. Usizidishe, utapasua redieta nzee kisha uanze kutafuta kosa ulilolitengeneza mwenyewe. Nati ya sampu iko nje, nozo ziko nje.

Presha inashuka na nje hakuna tone. Tukizungusha injini kwa mkono, tundu la silinda ya tatu linatema maji. Basi ni gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na hedi, kifuniko cha juu cha silinda) au ufa wa hedi. Yangedondoka kwenye sampu huku silinda zote ni kavu, tungeshuku bloku, mwili wa injini wenye silinda. Kwenye injini zenye slivu za maji (mikebe ya silinda inayoguswa na maji moja kwa moja), mshukiwa wa kwanza angekuwa oringi, pete za mpira za chini ya slivu. Perkins hii ina slivu kavu, kwa hiyo hazimo. Wanaouziwa oringi za slivu za injini hii wametapeliwa.

Saa 8
Hedi inatoka. Pistoni ya tatu inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, mbili nyingine zina masizi: mvuke umeiosha. Gasketi imeungua ukingoni. Rula ya chuma na fila (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) zinapita juu ya hedi, urefu, upana na mshazari. Hata gasketi ikionekana ndiyo mkosaji, hedi iende mjini Nakuru ipimwe nyufa kwa presha, hasa kati ya viti vya valvu, kabla ya kusagwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai.

Saa 10
Mzee anauliza kama atamwaga oili tu na kuendelea kulima. Hapana. Maji huondoa utando wa oili kwenye beringi (vikalio ambamo krenki huzunguka), nazo huanza kulika. Tukishafungua, tutatoa kifuniko cha beringi moja ya koni rodi na kuitazama.

Hedi ikirudi: nati zikazwe kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu. Mwanya wa valvu uwe 0.30 mm injini ikiwa baridi. Filta mpya, oili ya bei nafuu, iungurume dakika 20 bila mzigo, imwagwe ikiwa moto. Kisha filta nyingine na oili ya kazi, ya daraja la 15W-40. Kesho yake, kabla ya kuwasha, nati ya sampu ilegezwe tena juu ya chupa safi.