Kreti Iliyokatwa Mara Mbili

Msimu wa zabibu wa Machi 2019 niliitwa upande wa Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kwenye chama kimoja cha wakulima. Kompyuta ya mizani ilikuwa inawaka vizuri tu. Lililowasumbua ni risiti.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu mkulima aliyekuwa anasubiri na yake mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Kreti tupu ni kilo mbili, hilo tunalijua wote. Mbona mimi nakatwa nne?"

Alikuwa amepima mzigo wake nyumbani kabla ya kuuleta. Tukapima kreti moja tena, wote tukiangalia. Mzee alikuwa sahihi.

Niliingia kwenye folda ya /usr/local/lib, nikaorodhesha mafaili. Mstari mmoja ulinishtua:

libmizani.so.2 -> libmizani.so.3.0.0

Kwenye Linux, mfumo uliokuwa unaendesha kompyuta ile, faili la maktaba ya programu, yaani kazi zilizoandikwa tayari ambazo programu huziazima, huwa na jina zaidi ya moja. Lile refu, kama libmizani.so.2.4.1, ndilo faili lenyewe. Lile fupi, libmizani.so.2, ni kiungo tu kinachoelekeza huko, na ndilo ambalo programu inalitafuta kila inapowashwa. Namba 4 na 1 zinaweza kupanda bila madhara. Ile 2 ni ahadi. Ikigeuka kuwa 3, mtunzi anatangaza kwamba mambo ya zamani yamebadilika, na programu iliyojengwa kwa toleo la 2 isiliguse.

Kumbe mfumo ulipoboreshwa, toleo la 2 liliondolewa likaja la 3. Programu ikagoma kwa kukosa libmizani.so.2, na iligoma kwa haki. Fundi aliyenitangulia akalivika toleo la 3 jina la la 2. Kelele zikaisha. Lakini toleo la 3 lilikuwa linakata lenyewe uzito wa kreti kabla ya kurudisha jibu. Programu ya chama, kwa mazoea ya zamani, ikaukata tena. Jambo hili linaniuma hadi leo: programu iliyogoma ingechelewesha foleni asubuhi moja, lakini iliyonyamazishwa ilikula jasho la watu na hakuna aliyeambiwa.

Nilifuta kiungo kile, nikarudisha libmizani.so.2.4.1 kutoka kwenye nakala ya akiba, nikaiweka pembeni ya la 3. Matoleo hayo mawili hayagombani. Majina yalitungwa hivyo makusudi ili yakae pamoja. Amri ya ldconfig ilisoma jina lililoandikwa ndani ya kila faili, ikatengeneza viungo vyenyewe. Kisha nikampa karani kibodi apige ldd kwenye programu ya mizani, aone kwa macho yake faili gani linachukuliwa, na kutoka folda ipi.

Kreti ya mzee ikapimwa tena: zikakatwa kilo mbili. Mama mhasibu akavuta jalada la risiti zote zilizotolewa tangu siku ya maboresho, tukaanza kuzipiga hesabu upya moja moja, ili kila mkulima arudishiwe kilo zake.