Maktaba ipi ya kuchorea grafu za pande tatu?

Anayeunda programu ya hisabati yenye kuchora grafu za pande tatu huvutiwa kwanza na rangi na mng'ao, ilhali la kuuliza mwanzo ni grafu hizo zitafunguliwa kwenye chombo gani. Wanafunzi ninaowasomesha kalkulasi hapa Mombasa, wa Tudor kwa wa Likoni, wengi wao wana simu tu na bando la kupimapima. VTK, maktaba (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ili waunda programu wautumie) iliyoanza mwaka 1993, ina uwezo mkubwa mno, lakini ni mzigo wa kompyuta ya maabara, kwa hiyo niliiweka kando mapema.

Matplotlib, maktaba ya michoro ya lugha ya programu ya Python, ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa kuwa wengi wanaotumia Python wanayo. Chora uso wa z = x² − y², ule wenye umbo la tandiko la punda, kisha upitishe bapa la z = 0 katikati yake. Kihisabati, viwili hivyo hukatana kwenye mistari y = x na y = −x, na mistari hiyo ndiyo ninayotaka mwanafunzi aione. Matplotlib, hata hivyo, haipimi kina, yaani umbali kutoka kwa mtazamaji, cha kila pikseli (nukta moja ya skrini). Huamua uso upi uko mbali, ikauchora wote, kisha ikaufunika kwa ule wa karibu. Mistari ya makutano hupotea, na mwanafunzi huonyeshwa jambo ambalo si kweli. Kwangu mimi hilo ni kosa zito kuliko rangi mbaya.

Kwa hiyo nimechagua three.js, maktaba ya kivinjari ambayo hupitia WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora pande tatu, na kuiachia kadi ya michoro ilinganishe kina pikseli kwa pikseli, hata kwenye simu ya bei nafuu. Wenzetu wa SageMath, programu huria ya hisabati, walifika huko kwa njia ndefu: walitegemea Jmol, programu ya wanakemia iliyohitaji Java ndani ya kivinjari, kisha Chrome ikaacha kuendesha programu-jalizi za aina hiyo mwaka 2015 na Firefox ikafuata mwaka 2017. Tangu toleo la 9.0 la mwaka 2020, three.js ndiyo chaguo lao la kawaida. Nami naiweka maktaba yenyewe ndani ya faili la HTML, ili grafu ifunguke bila intaneti.

Kazi haikuishia hapo. Three.js haijui mhimili wenye namba ni nini. Vipimo na maandishi yake huna budi kuyaandika mwenyewe. Isitoshe, ukizifanya nyuso zote mbili zipenyeze mwanga, upangaji wa kitu kizima kwa kizima hurudi, na tatizo lile lile nalo hurudi, ndiyo maana nyuso zangu hazipenyezi mwanga. Kwa karatasi za mtihani bado natumia Matplotlib, ambayo hutoa PDF ya mistari isiyochakaa ikikuzwa, mradi uso uwe mmoja tu.